Ngoma ya Kumzika Mama

Nyayo za Serwaa zilikuwa bapa tangu utotoni, wala hazikumuuma. Utu uzimani kifundo cha mguu wa kushoto kikavimba. Daktari wa mjini Kumasi akamwambia kano inayoubeba unyayo imechanika.

"Vaa kiatu hiki kigumu, na ngoma uache kabisa."

"Jumamosi namzika mama, daktari. Nani atamchezea adowa, ngoma yetu ya kumuaga maiti?"

"Ukicheza, itabidi tukupasue mguu."

Siku ya mazishi ngoma zikalia. Shangazi akamnong'oneza, "Inuka mwanangu, mama yako anakungoja."

Serwaa akainuka, maumivu yakamrudisha kitini. Basi akacheza kwa mikono tu, machozi yakimtiririka. Jeneza lilipobebwa, waombolezaji wenzake walilisindikiza wakicheza. Yeye akabaki pale pale, viganja vikiwa bado hewani.