Jiko Lililonyolewa Ndevu

Usiku wa jana niliota nimekaa ndani ya ukuta wa jiko langu, na nafasi ilinitosha.

Kwanza niseme hali ilivyokuwa. Kikundi chetu cha kinamama tunatengeneza majiko ya udongo na saruji. Mimi nilikuwa nachanganya na nyuzi za katani, kama alivyonifundisha mama, mpaka mkwe wangu Tunu aliposema majiko yangu yana ndevu. Wenzake wakacheka. Nami kwa kiburi cha uzee nikaacha katani, jiko likawa laini kama sahani. Shule ikaagiza jiko kubwa la uji wa watoto. La kwanza likapasuka siku ya kuwashwa, la pili vilevile. La tatu liko uani limeshakauka. Likipasuka na hilo, kikundi kimeamua nipumzike. Kupumzika nakujua. Mume wangu alipumzika mwaka mmoja tu, tukamzika.

Basi nimo ukutani. Anakuja Mvuke, bwana mnene, amejitwika godoro. Ananiamkia vizuri, naitikia marahaba. Anauliza mlango uko wapi. Namwambia sikuweka mlango, nilitaka ukuta upendeze.

"Bibi, mimi sina ugomvi na mtu," anasema. "Lakini nikikosa mlango, huwa natoka na ukuta."

Anatandika godoro, anakaa kusubiri. Joto likipanda, naye ananenepa.

Mara ukuta umekuwa darasa la tatu, lilelile nililoliacha nikaenda kulea wadogo zangu. Moto ndiye mwalimu. Anaita majina.

"Udongo?"

"Nipo."

"Saruji?"

"Nipo, ila sijisikii vizuri. Maji yananitoka."

"Katani?"

Anarudia jina mara ya pili. Moto ananitazama juu ya miwani. Anasema kanuni ni moja tu: joto likipita digrii mia mbili, nyuzi zinaungua, zinaacha vijia, na Mvuke anapita kwenda zake. Anauliza nyuzi zangu ziko wapi. Namwambia nimeziacha, zilichekwa.

"Nani alicheka?"

"Mkwe wangu."

"Jiko likipasuka, anapasuka mkwe wako?"

Nasema hapana, mwalimu.

Nje ya dirisha nyuzi za katani wamepanga foleni, kila mmoja na kifurushi chake. Nawaomba radhi, nawaomba waingie. Mkubwa wao anajibu kwa upole kwamba wamenisamehe tangu zamani, ila wao huingia udongo ukiwa mbichi. Ukishakauka, hata ukiwapigia magoti hawana pa kupita.

Moto anatangaza mia moja na tisini. Mvuke amejaa darasa zima, na kila anayembana anamwomba samahani.

"Basi toa uzi wako mwenyewe," Moto ananiambia.

Kichwani nina kilemba, na mtu mzima havui kilemba mbele ya mwalimu. Nikatoa unyusi wa kushoto. Ukaungua kwa sauti ndogo, kama chumvi iliyoangukia kaa. Ukutani kikafunguka kijia chembamba. Mvuke akakunja godoro, akavuta tumbo ndani, akapita ubavu ubavu akiniaga.

Nikaamka kumekucha. Sikunawa hata uso. Nilichukua mchi nikatoka uani, nikalipiga lile jiko la tatu mpaka likawa vipande.

Tunu akaja mbio, mikono kichwani, akiuliza kama nimerukwa na akili, shule si inalisubiri. Nikamwambia shule itasubiri tena, tunakanda udongo mpya, na katani anakata yeye, urefu wa kidole. Akasogea ili anisemeshe kwa karibu, akasita. Akanishika kidevu kama mtoto, akanigeuzia uso kwenye jua.

"Mama," akasema, "nani kakuunguza unyusi?"

Nikampa kisu na fungu la katani. Akakata mpaka adhuhuri.