Kidari cha Thadeus

Desemba ikifika, Rombo hujaa hadi migombani. Wa Dar, wa Arusha, wa Mwanza, wote hupanda nyumbani, na ukimkuta mtu wa huku amebaki mjini siku ya Krismasi, ujue ana mgonjwa au ana kesi. Hilo ndilo alilolitegemea Salvina.

Nyumba yake, juu kidogo ya Mkuu, haikukosa watu wala maneno. Krismasi iliyopita, pombe ya mbege ilipozunguka, aliwasimulia wageni jinsi mtori wa ndizi wa Beatha, mke wa shemeji yake Thadeus, ulivyomwagiwa mbwa, na mbwa akaunusa akaondoka zake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Beatha alikuwa amesimama mlangoni na bakuli mkononi. Thadeus akamchukua mkewe wakashuka Sanya Juu wanakoishi kabla nyama haijagawanywa.

Aristides, mumewe Salvina, hakugomba. Alimwambia tu akate jani la isale awapelekee, kwa maana anayeletewa isale hakatai kusamehe. Salvina akasema atakwenda baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, kahawa ikaiva, halafu safari yenyewe ni ya kushuka Moshi na kubadili gari. Moyoni alijiambia, ya nini kuhangaika? Krismasi itawaleta yenyewe.

Basi siku ikafika. Asubuhi alikata isale mbichi, akaifunga fundo kama inavyotakiwa, akaiweka karibu na mlango wa jiko ili ampokee nayo shemeji. Mbuzi akachinjwa, kisusio, ile supu ya damu, kikanywewa kingali cha moto. Kidari, ambacho kwa ukoo wao ni haki ya mdogo wa mwenye nyumba, yaani Thadeus, Salvina alikitundika jikoni na kumfukuza kila aliyekisogelea. Kila gari lililopiga honi barabarani lilimtoa nje.

Jua lilipoanza kuinama akapiga simu. Akapokea Beatha.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mama. Mmefika wapi? Nyama inawasubiri."

Nyuma ya Beatha kulikuwa na vicheko, na sauti ya mzee ikidai aongezewe mtori.

"Tumechinja hapa hapa, dada. Wageni ni wengi, samahani. Heri ya Krismasi."

Salvina alirudi jikoni akamwambia mumewe kwamba kesho alfajiri anashuka na isale yake. Aristides alikuwa ananoa kisu. Hakuinua macho.

"Isale hutangulia kisu, mama. Mtu akishachinja mbuzi wa Krismasi kwake, ana mji wake. Atakusamehe, ndiyo. Lakini hapa atakuja kama mgeni."

"Hata mwakani?"

"Mwakani atachinja tena kwake. Wanawe nao watapanda kwake."

Akakishusha kidari, akakikata vipande, akawapelekea watu. Salvina hakumzuia. Sebuleni walikuwa wanamwita, eti mama mwenye nyumba kajificha wapi, aje awape ile ya mbwa na mtori. Alishika ile isale, fundo lake limeanza kulegea kwa joto la jiko, akakaa nayo kwenye kigoda mpaka walipochoka kumwita.