Uji Uliorudishwa Langoni

Mwalimu Wakiuru hakuwa mjinga, na balaa lilianzia hapo hapo. Mjinga angepokea uji wa majirani akashukuru. Yeye alikuwa amefundisha bayolojia miaka thelathini na mmoja huku Tetu, kwa hivyo mumewe Theuri alipoambiwa uboho wa mifupa yake umezeeka, hautengenezi damu ya kutosha, Wakiuru alivaa miwani akaanza kusoma kwenye simu.

Akasoma kwamba ndani ya uboho mna seli shina, zile zinazozaa damu, na kwamba panya wazee walioshindishwa njaa seli zao ziliamka zikafanya kazi kama za ujana. Moyo ukamruka. Dawa ya Theuri ilikuwa ianze baada ya wiki sita. Wacha amrudishie mtu wake nguvu kabla ya hapo.

Basi Theuri akawa anakula mlo mmoja kwa siku, wa kumshibisha mtoto. Hakubisha. Tangu waoane, Mwalimu akishasema yeye alikuwa ameridhika.

Huku kwetu mgonjwa haachiwi nyumba yake peke yake. Akina mama wa kanisa walikuja na chupa za uji na njahi, yale maharagwe meusi, zilizopondwa na ndizi, chakula cha aliyetoka kujifungua, maana ndicho kinachoaminika kurudisha damu. Wakiuru aliwapokea langoni akawarudisha hapo hapo.

"Kwani mgonjwa ananyimwa uji aje?" aliuliza Kagure, mama yake Dedan, kiongozi wao.

"Hii ni mambo ya sayansi, Mama Dedan. Mtakuja kunishukuru."

Kufikia wiki ya tatu hakuja mtu. Theuri alishinda barazani akisikiliza kama lango litalia, na Wakiuru alijua anasikilizia nini. Akajikaza.

Siku ya dawa wakashuka Nyeri. Muuguzi alimpima Theuri uzito, kisha akampima tena. Daktari akamwita Wakiuru kando, mumewe akiwa bado anavaa viatu.

"Mama, kilo kumi na moja zimeenda wapi?"

Akaeleza yote, hadi habari za panya. Daktari hakumgombeza, afadhali angemgombeza. Alisema utafiti ule Wakiuru aliusoma nusu. Panya wale walirudishiwa chakula cha kutosha, na ni chakula hicho kilichozifanya seli zizae. Tena hawakuwa wagonjwa. Mwili wa Theuri ulikuwa umejila wenyewe: dawa ile kali ingemuua sasa, na damu yake isingengoja mpaka anenepe.

Mwalimu huyu ndiye aliyewagombeza watoto wa watu kwa kutosoma swali hadi mwisho. Alijichukia pale kwenye korido, hakuna neno lingine.

Akampeleka mumewe kwenye hoteli ng'ambo ya barabara, akaagiza supu ya mbuzi, chapati mbili na chai ya maziwa. Theuri alipoiona meza macho yakamlowa.

"Wamesema aje? Damu imepanda?"

Alitaka kusema kweli. Akamsogezea bakuli la supu.

"Imepanda kidogo."

Theuri akacheka, mara ya kwanza tangu mvua zianze. "Na mimi leo nilikuwa nikuambie nimeshindwa, Mwalimu. Hii njaa nilidhani inaniua. Kama inafanya kazi, wacha tumalizie." Akalisukuma bakuli upande wa mkewe. "Kula wewe. Umekonda ukinihangaikia."

Kisha akameza mate, akageuza kiti kuelekea dirishani asiione supu.