Figa la Tatu la Mama Susana

Mzee huyo hakubisha hodi. Alisimama mlangoni pa duka la mama mjini Migori, gunia begani, akaziangalia mbegu za mahindi nilizokuwa nikipima, kisha akaniangalia mimi.

"Nimeambiwa hapa kuna msichana aliyesomea mawe."

"Ni mimi, mzee. Naitwa Robi."

"Ulisomea mawe, sasa unauza mahindi." Midomo yake haikucheka, lakini macho yalicheka. "Mimi Zablon. Nimetoka Homa Hills."

Alitoa guniani jiwe jeusi la masizi. Lilikuwa figa la jikoni. Upande mmoja ulikuwa umebanduliwa na moto, na hapo nikaona makombe, magamba ya viumbe wa majini, yaliyogeuka jiwe, yamesongamana kulizunguka bomba jembamba, nalo la jiwe.

Nililisogeza kwenye mwanga. Kombe likifa na kusombwa na maji, pande zake mbili huachana. Haya yalikuwa yamefumba. Yalifia palepale yalipoishi. Nilimweleza mzee kwamba huenda chini ya ziwa la kale gesi ya methani ilipanda kupitia tundu kama hili, vijidudu vikaila, na makombe yakaishi kwa vijidudu hivyo, bila kutegemea jua.

"Kumbe nao walikuwa na jiko lao," alisema.

Kisha akalishika figa kama anayemshika mtu bega. "Hili ni la marehemu mke wangu, Susana. Alilitoa korongoni mwenyewe, mwaka niliomwoa. Litazame, lakini Jumapili ya mwisho wa mwezi tunamkumbuka, na binti yetu Mourine atapika kwenye jiko la mama yake. Nirudishie likiwa zima."

"Nitalirudisha zima, mzee. Nakuahidi."

Ijumaa iliyofuata alinipeleka korongoni. Makombe yalikuwa yametanda ukutani, bomba kwa bomba, kila bomba na jamii yake. Nilipiga picha tatu tu, simu ikazima. Nikajiambia nitarudi na kamba ya kupimia, na watu wanaojua kazi.

Kesho yake, Sabato, nilipewa nafasi ya kusalimia kanisani kwa mzee. Ningesalimia nikaketi. Badala yake nilieleza kila kitu kwa furaha, gesi ya kale na viumbe vyake.

"Nyar Kuria!" mama mmoja aliniita kutoka nyuma, yaani binti wa Wakuria. "Kwa hiyo sisi pia tutapika bila kuni?"

Kanisa zima likacheka. Nami, kwa kutaka wanipende, nikacheka nao na kusema, "Nani anajua, mama!"

Nilijua. Gesi ile ilikuwa imekwisha kabla mtu yeyote hajawahi kupika. Lakini sikusema hivyo.

Niliporudi siku kumi baadaye, ukuta haukuwepo. Wanakijiji walikuwa wamechimba kwa sururu na mitaimbo wakitafuta gesi, na walipoikosa, lori likabeba vifusi kwenda kuchomwa chokaa. Nilipekua vumbi mpaka kucha zikauma. Nilipata nusu kombe. Hakuna aliyenikasirikia, hata mmoja. Yule mama wa kanisani alinipa maji ya kunywa na kuniuliza kama tungejaribu kuchimba ng'ambo.

Dakta Nyakundi, mwalimu wangu wa chuo, alikuwa amenishikia nafasi ya shahada ya pili mpaka Jumatatu, ilimradi nilete ushahidi wa makombe hayo.

"Picha hazitoshi," alisema kwenye simu. "Bado una lile figa?"

"Ninalo. Naweza kukwangua kando."

"Moto umeshaharibu nje, Robi. Sampuli lazima itoke katikati. Likate. Mzee utamtafutia jiwe lingine, mawe yamejaa huko."

"Nilimwahidi."

Akasema kwa upole, "Basi nafasi nitampa mwingine."

Jumapili asubuhi niliingia uani kwa Mzee Zablon na gunia begani. Mourine alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga mawili, sufuria kubwa ya mchele kando yake.

"Nyathina, mwanangu," mzee alisema, "umepata ulichokuwa unatafuta ndani yake?"

"Bado, mzee. Na korongo… mimi ndiye niliyesema kanisani…"

"Nilikuwepo. Nilicheka pia."

Nilipiga magoti, nikaliweka figa mahali pake, kwenye duara la udongo uliokuwa umelingoja. Lilicheza kidogo. Mourine akanipa tope, nikalishindilia chini yake kwa vidole. Mzee akaligeuza taratibu ili makombe yatazame nje, moto usiyale zaidi.

Mourine akatua sufuria. Ilikaa sawa. Akaniomba nimsogezee kuni.