Karatasi Kwenye Suruali ya Mkwe

Fundi cherehani hakuwa mcheza kamari, mtamwonea bure mkisema hivyo. Alikuwa mwoga, basi, na woga wenyewe ndio uliomsukuma hadi kwenye kibanda cha kubeti. Mkewe alibakiza wiki mbili apasuliwe kujifungua. Hela ya hospitali alikuwa ameitoa baba mkwe, na fundi alikuwa ameimega kidogo kutengeneza cherehani. Alitaka kuziba lile pengo kabla halijaonekana.

Dada wa kibandani alimweleza taratibu. Kuna dau la wenye roho ndogo, alisema: unachagua timu, ikishinda unapata faida ndogo, ikifungwa imekula kwako, wakitoka sare hela yako inarudi kama ilivyo. Fundi alisikia hilo la kurudi tu. Akaweka hela zote za hospitali zilizobaki, akapewa tiketi ya karatasi.

Kufika nyumbani, akaanza kutafuta pa kuificha tiketi. Mkewe hana mchezo, hupekua kila mfuko kabla ya kufua. Mezani palikuwa na suruali ya baba mkwe, iliyoletwa ipanuliwe maana mzee kitambi hakimsikilizi. Fundi akaishona tiketi ndani ya kiuno cha suruali ile, akijiambia ataifumua mechi ikiisha.

Ilikuwa mechi ya kombe. Dakika tisini ziliisha sare, bao moja kwa bao moja, fundi akashusha pumzi. Kumbe bado! Wakaongezewa muda, na timu yake ikapigwa bao. Asubuhi mzee alipokuja kuchukua suruali yake, fundi alimkabidhi kwa mikono miwili, akishukuru kwamba ushahidi unaondoka na mwenyewe hajui.

Mchana alipita kibandani, mtu aliyekwisha kufa moyo. Dada akamshangaa. Dau lao huishia dakika tisini, alimwambia, nyongeza haihusiki, kwa hiyo mechi ile ni sare na hela yake ipo. Alete tiketi tu.

Fundi alitoka mbio, jasho likimtiririka hadi viatuni. Njia nzima alikuwa anatafuta namna ya kumwambia baba mkwe avue suruali. Alimkuta sebuleni, kaivaa, kiuno kimefumuliwa kwa wembe, miwani usoni, tiketi mkononi.

"Ilikuwa inanikwaruza," mzee alisema. "Ni hela ya mwanangu hii?"

Fundi akakubali. Kisha maneno yakamtoka kwa fujo: dau halina hatari, sare inarudisha, haijapotea hata senti. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, na huo utulivu wake ndio uliomtisha fundi kuliko kelele.

"Na wangefungwa dakika ya themanini," mzee akauliza, "ungempasua mwanangu wewe kwa mkasi wako?"

Mzee akamwambia kwamba hela ataifuata mwenyewe na hospitali atalipa mwenyewe. Sasa amshonee kiuno chake, hapo hapo, asije akatembea ameishika suruali kwa mkono. Fundi akapiga magoti mbele ya kitambi cha mkwewe. Uzi ulikataa kuingia kwenye sindano mara tatu. Alikuwa ameanza kushona, akidhani baya limekwisha, mzee aliposogeza tiketi karibu na miwani na kusoma kiasi kilichoandikwa.

"Mbona hii ni pungufu ya niliyokupa?"