Mama Mkubwa Hakukaanga Serunding

Binamu yangu Khairul, anayeuza tiketi za kampuni ya ndege za bei ya chini, aliniletea viti arobaini vya ndege ya kwenda Jidda, safari ya mwakani, kwa nusu ya bei ya soko. Sharti lilikuwa moja: nilipe vyote wiki hii.

"Siri yetu ndogo tu, Dada Rohana," alisema. "Ndege hailali. Ikishusha watu, inapakia wengine, inarudi. Tiketi rahisi, begi unalipia, chakula unalipia, hata blanketi."

"Na kwa nini nilipe leo safari ya mwakani?"

"Hee, dada! Bei ya kutupa, bado unauliza?"

Mimi hupeleka watu wa msikiti wetu umra. Wengi ni wajane na wastaafu. Pesa hizo zikipotea, hawaendi tena. Sikukataa. Wapo wanaofanya biashara hiyo ya tiketi rahisi vizuri. Lakini Jumatatu nilipopita uwanja wa ndege wa Sepang, ndege kubwa ya kampuni ya Khairul ilikuwa imeegeshwa kando, injini zimefunikwa vitambaa vyekundu. Jumatano ilikuwa palepale.

"Matengenezo," Khairul alisema kwenye simu, kabla sijamaliza kuuliza.

Ijumaa tulikusanyika kwa mama yake, Mama Mkubwa Zabedah, kumwombea dua. Alikuwa anakaribia kusafiri umra. Niliingia jikoni nimsaidie kukaanga serunding, ile nyama iliyochambuliwa na kukaushwa kwa nazi, ambayo wasafiri wa ndege za bei ya chini hubeba ili wasinunue chakula angani. Jiko lilikuwa baridi.

"Safari hii hakuna kukaanga," alisema. "Khairul kaniambia nitalishwa mara mbili, na begi langu kilo thelathini, siongezi hata senti. Mwanangu huyo!"

Nilirudi sebuleni, nikaketi karibu na Khairul.

"Mama anapanda ndege gani?"

Akatazama mlango wa jikoni. "Kampuni nyingine. Magoti yanamsumbua, dada. Anataka nafasi."

"Hata watu wangu magoti yanawasumbua."

Hakucheka. Alizungusha kikombe chake cha chai bila kunywa.

"Khairul, ungempandisha mama yako ndege yenu?"

Imamu akaanza dua. Tukainua mikono. Wenzetu walipoitikia amina ya kwanza, akaniinamia.

"Usichukue hela za wale wazee, dada."