Barua ya Mwalimu Baidoo

Mwalimu Quansah alisifika mji mzima wa Saltpond, Ghana, kwa kalamu yake nyekundu. Maneno ya Kiingereza yanayofanana, yale yanayowapiga chenga hata watu wazima, yeye aliyatenganisha akiwa amefumba macho. Na sifa, jamani, zinalevya. Jumatatu ile, akifundisha somo hilohilo, alichomoa mfukoni barua ya mzee Baidoo, aliyemfundisha kusoma utotoni, akanakili sentensi moja ubaoni.

"Huyu ni mwalimu wangu mwenyewe," alisema. "Alitaka kusema amepoteza macho. Badala ya 'lose' kaandika 'loose', yaani amelegeza macho! Yamelegea kama nati, eti?"

Darasa zima likaangua kicheko. Naye alicheka mpaka akajifuta machozi, kisha akamwita mwanafunzi mmoja, Araba, asahihishe. Msichana alifuta herufi moja, akarudi kukaa. Kengele ilipolia, akamfuata mezani.

"Mwalimu, ile barua niliiandika mimi. Babu alinitajia tu. Yeye haoni tena."

Quansah alitamani ardhi ipasuke immeze. Barua alikuwa nayo wiki mbili. Aliona kosa, hakuona kwamba mtu amepofuka.

Jioni alikwenda kuomba radhi. Alipewa kiti, Araba akamletea maji, akanywa. Mgeni akishakunywa huulizwa, na hana budi kusema lililomleta.

"Sisi hapa hatujambo," alisema mzee Baidoo, uso ameuelekeza kando kidogo ya mgeni. "Wewe ndiye uliyeshika njia. Haya, umekuja na lipi?"

Quansah akakohoa. "Mwalimu, nimekuja... ni kuhusu ile barua."

"Araba kashanipa habari!" Mzee alijipiga paja kwa furaha. "Umelisomea darasa zima! Majirani nimewatambia mpaka wamenichoka. Hebu niambie, watoto walisemaje?"

Quansah alimtazama Araba. Msichana alikuwa ameinamia sinia, hainui uso.

"Walifurahi sana, Mwalimu."

"Na Kiingereza changu? Bado kimenyooka?"

"Hakina kosa hata moja."

Ilikuwa kweli tupu, na katika maisha yake hakuwahi kusema kweli iliyomwaibisha kiasi kile. Araba akaja kupokea bilauri.

"Asante, Mwalimu," alimwambia kwa sauti ya chini.